Mwili Unaogeuzwa ni wa Nani?

Mkono wa mwanamume unaanza kutuna. Chini ya ngozi kuna kitu kinachopanda na kushuka kama panya ndani ya gunia la korosho, na mwenye mkono anautazama kwa hofu ya mtu anayeona mwili wake ukimkana. Hivyo ndivyo filamu ya Altered States inavyomkamata mtazamaji. Ilitoka Marekani Desemba 1980, ikiongozwa na Mwingereza Ken Russell, na ndiyo filamu ya kwanza ya mwigizaji William Hurt. Wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kuchora mazimwi. Fundi wa vipodozi Dick Smith alitegemea ngozi za bandia na mikono yake mwenyewe, na kazi yake bado inasisimua kuliko filamu nyingi za leo. Kijana wa Newala mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kukutana nayo usiku wowote. Nasema aitazame. Lakini nasema pia kwamba filamu hii imeiweka hofu mahali pasipo pake. Inatufundisha kuuogopa mwili unaogeuka, ilhali wa kuogopwa ni yule anayeugeuza mwili wa mwenzake, au akili yake, bila kumwuliza. Sisi wa Newala na Masasi tuna sababu zetu, zilizoandikwa katika historia yetu, za kuitazama tukiwa na swali hilo mkononi.

Kisa chenyewe ni hiki. Profesa Edward Jessup anajifungia ndani ya tangi la maji lenye giza na ukimya, apate kujua akili inafanya nini inapokosa cha kuona, cha kusikia na cha kugusa. Baadaye anakwenda Mexico, anakunywa dawa ya mimea ambayo wenyeji huitumia katika ibada yao, anaibeba hadi maabara Marekani na kuongeza kipimo. Njozi zinageuka nyama: profesa anatoka tangini akiwa nusu mtu nusu nyani, anatoroka usiku na kuua mnyama katika bustani ya wanyama. Hadithi ni ya Paddy Chayefsky, aliyegombana na mwongozaji mpaka akaondoa jina lake kwenye filamu. Tangi lakini hakulibuni. Daktari John Lilly alianza majaribio ya aina hiyo mwaka 1954 katika taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani. Kabla yake kidogo, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, mwanasaikolojia Donald Hebb aliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku walale tu kitandani, wamevikwa miwani ya ukungu na glavu, mikono imefunikwa wasiguse kitu. Haikuchukua muda wakaanza kuona vitu visivyokuwapo. Wengi walishindwa baada ya siku mbili tatu, wakavua miwani, wakaondoka. Neno hilo dogo, wakaondoka, tulishike vizuri, maana kila nitakalosema hapa chini linategemea hilo.

Wapo ambao hawakuweza kuondoka. Aprili 1953 mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, Allen Dulles, aliidhinisha mpango wa siri ulioitwa MKULTRA, wa kutafuta dawa na mbinu za kuitawala akili ya binadamu. Msimamizi alikuwa mkemia Sidney Gottlieb. Novemba mwaka huohuo, wanasayansi kadhaa wa serikali wakiwa kwenye mkutano wa mapumziko, walitiliwa dawa ya LSD katika kinywaji bila kuambiwa. Mmoja wao, Frank Olson, alikufa siku tisa baadaye kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli mjini New York, na familia yake ilikaa hadi 1975 bila kujua habari za dawa ile. Huko Montreal, mji uleule wa Hebb, daktari Ewen Cameron alianza mwaka 1957 kupokea fedha za mpango huo kwa mlango wa nyuma. Watu waliomwendea kwa huzuni au wasiwasi wa kawaida walilazwa usingizi wa dawa kwa wiki nyingi, wakapigwa shoti za umeme kupita kiasi kilichozoeleka, wakasikilizishwa sentensi moja iliyorekodiwa maelfu ya mara. Wengine walirudi nyumbani kumbukumbu za maisha yao zimefutika. Mwaka 1992 serikali ya Kanada iliwalipa watu 77 dola 100,000 kila mmoja. Na Cameron huyo alikuwa miongoni mwa madaktari waliopelekwa Nuremberg mwaka 1945 kumpima akili Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi iliandika kanuni kumi za majaribio kwa binadamu, na ya kwanza kabisa ni ridhaa ya hiari ya anayejaribiwa.

Sasa iwekeni filamu kando ya historia hiyo. Mwaka 1973 mkuu mwingine wa CIA, Richard Helms, aliamuru majalada ya MKULTRA yaharibiwe. Hata hivyo siri ilitoka: mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church iliianika hadharani, na katika uchunguzi huo dunia ikasikia pia kwamba Gottlieb alisafiri hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, Septemba 1960, akiwa na sumu iliyokusudiwa kumuua Patrice Lumumba. Filamu ilitoka miaka 5 baada ya hayo. Waliokwenda kuitazama walikuwa watu ambao magazeti yao yalikwisha kuwaambia kwamba serikali yao iliwanywesha dawa raia wake. Walionyeshwa nini? Walionyeshwa profesa shujaa anayejijaribu mwenyewe, anayeumia mwenyewe na kuokolewa na mkewe. Ni hadithi inayompa mtaalamu heshima ya kubeba mzigo ambao katika maisha aliwatwisha wengine. Katika filamu, anayetuna mkono ndiye aliyeshika sindano. Katika historia, aliyeshika sindano alikwenda nyumbani jioni akala chakula chake.

Kasoro ya pili iko ndani zaidi, na inatugusa Waafrika. Profesa anapokunywa dawa ya wenyeji anashuka, anakuwa mtu wa kale, mwenye manyoya, asiye na lugha, mla nyama mbichi. Filamu inadhani kwamba chini ya akili ya msomi wa Harvard kuna ngazi, na kwenye ngazi ya chini anakaa mtu mwitu. Wazo hilo halikuishia kwenye sinema. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mjini Nairobi kwa zaidi ya miaka 10, aliandika kwamba akili ya Mwafrika mzima inafanana na ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikamchapishia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau, na vita vya ardhi na uhuru vikaelezwa kama ugonjwa wa akili. Mtu akishaitwa mgonjwa kwa sababu ya kiapo chake, inakuwa halali kumtibu asipotaka. Kambi za vizuizi zikafanywa mahali pa kuwatapisha watu kiapo kwa kipigo na kazi za lazima, na tarehe 3 Machi 1959 huko Hola wafungwa 11 wakapigwa hadi kufa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,200 walioteswa. Hapo hapakuwa na tangi wala dawa ya njozi, ila nia ni ileile: kuingia kichwani mwa mtu kwa nguvu na kupanga upya vilivyomo.

Newala nayo imewahi kutazamwa kwa jicho la namna hiyo. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa, alifika Masasi na kupanda hadi Newala Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alibeba kamera, santuri ya kunasia sauti na mashine ya kupigia picha za sinema. Akapiga picha ngoma, unyago, wanawake wenye ndona mdomoni, nyuso zenye chale. Kwa hiyo sinema ilifika huku muda mrefu kabla ya mtu wa huku kuketi kuitazama. Ilikuja kuchukua, haikuja kuonyesha. Mwili ambao mwenyewe aliona umepambwa, na kwa mapambo hayo akajulikana ni binti wa nani na wa wapi, ulisafirishwa Ulaya kuwa kioja. Simshitaki Weule kwa ukatili, na picha zake leo ni hazina kwetu tunaotafuta sura za mababu. Ninachosema ni kwamba kiti cha mtazamaji na kiti cha mtazamwa si kimoja, na watu waliowahi kukaa kiti cha pili wanapopata nafasi ya kukaa cha kwanza wana haki ya kuona zaidi ya wanachoonyeshwa.

Kuna ushahidi mwingine wa hapahapa, wenye uzito zaidi. Mwaka 1952 na 1953 uwanda huu wa Makonde ulipigwa na homa isiyojulikana. Ilimshika mtu ghafla, viungo vikauma hata asiweze kusimama, akakunjamana alipolala. Daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden waliieleza kitaalamu mwaka 1955, na virusi vyake vilitengwa katika maabara ya Entebbe, Uganda. Dunia nzima, kuanzia India hadi Brazil, inauita ugonjwa huo chikungunya, jina lililotokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kujikunja. Watafiti walieleza pia mazingira ya ugonjwa: uwandani maji ni shida, yalichotwa mbali mabondeni na kuhifadhiwa ndani ya nyumba, na humohumo mbu wanaoeneza homa hiyo wakazaliana. Huo ndio mwili unaogeuka katika maisha halisi. Ulitisha, lakini tisho lake halikuwa ajabu lisilosemeka. Wagonjwa wenyewe walilipatia jina kwa lugha yao, wakaulizwa, wakajibu, na jibu lao likaingia katika elimu ya ulimwengu. Kuchunguza ugonjwa uliokwisha kuingia nyumbani mwa watu ni kazi tofauti kabisa na kuutengeneza ugonjwa ndani ya mtu ili uone atafanya nini. Filamu haioneshi tofauti hiyo. Kwake kila maabara ni pango la maajabu. Sisi tunaijua tofauti, maana neno la Kimakonde ndilo lililosimama katikati yake.

Tena mwili uliogeuzwa si mgeni kwetu hata katika sanaa. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde aliyefanyia kazi Dar es Salaam, alianza kuchonga mashetani, na mtindo huo ukaenea hadi ukawa alama ya Makonde duniani. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005, akauchukua na kuuhamishia kwenye rangi. Chukua shetani mmoja wa mpingo umgeuze mkononi: jicho ni moja, sikio limeota begani, mguu unaishia kwenye kinywa, mkono wa huyu umekuwa tumbo la yule. Ukimtazama kwa haraka ni kitisho. Ukimtazama kwa utulivu unaona kwamba hakuna kiungo kilicho peke yake. Kila kilichopinda kimepinda kwa sababu kinamgusa mwingine. Mchongaji anasema jambo ambalo Altered States inalifikia dakika za mwisho tu, pale mke wa profesa anapomshika asipotee: mtu ni watu. Hapo filamu imesema kweli, nami naipongeza. Ila shetani wa mpingo anaongeza swali ambalo filamu imeliruka: aliyekupinda ni nani, na wewe umempinda nani?

Wapo watakaosema filamu kama hizi ni uchafu, zinaharibu vijana, na gazeti lisizinadi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Altered States ina utupu, ina dawa za kulevya, ina picha za dini zilizovurugwa. Haifai kwa watoto, na mwenye kibanda cha video anayeifungulia watoto wa shule ya msingi anakosea mbele ya wazazi na mbele ya sheria. Tangu mwaka 1976 nchi yetu ina sheria ya filamu, na kazi ya kupanga filamu kwa umri ni ya bodi iliyowekwa kwa ajili hiyo. Lakini mtu mzima hakingwi na jambo kwa kufichwa kwamba lipo. Filamu hii haimshawishi mtu kulewa. Inamwonyesha msomi mwenye akili nyingi aliyekaribia kupoteza mke, watoto na umbo lake kwa kiu ya kujua bila mpaka. Akitazama mtu mzima na akafikiri, atapata onyo kali kuliko mabango mengi.

Wengine watasema namwonea mwongozaji: filamu ni hadithi, haina wajibu wa kuwa mahakama. Nakubali haina wajibu huo. Chayefsky na Russell walikuwa huru kusimulia habari za mtu mmoja na nafsi yake. Lakini hadithi ndizo zinazotufundisha cha kuogopa. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za fisi huogopa fisi, hata kama aliyemwibia kuku ni jirani. Tukilelewa kwa filamu ambamo hatari ya sayansi ni manyoya yanayoota, tutashindwa kuiona hatari inapokuja imevaa koti safi, inatabasamu, na ina karatasi ya kusainiwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani. Mtu anaweza kuniuliza: je, jando na unyago? Kule nako mwili hukatwa na akili hufinyangwa, na mtoto haulizwi. Sitalikwepa swali hili. Ni kweli kwamba kungwi na ngariba wanaishi kijijini humohumo. Mtoto akidhurika wanajulikana na wanaulizwa, nao walipita njia hiyohiyo kabla yake. Cameron hakuwahi kulala usingizi aliowalaza wagonjwa wake. Hiyo ni tofauti ya kweli. Lakini haitoshi kutufanya tujione wasafi. Kipimo ninachokitumia kwa Montreal na Hola lazima nikitumie na hapa. Pale ambapo mila inamtoa mtoto darasani, inamwingiza katika mambo ya wakubwa kabla ya umri wake au inahatarisha afya yake, mila hiyo nayo inageuza mwili usio wake. Wazee waliokwisha kubadili majira na namna ya jando, wakayasogeza kwenye likizo na wakakubali wembe wa hospitali, wameonyesha kwamba swali linaweza kuulizwa bila ngoma kufa.

Mwisho wapo watakaohofia kwamba maneno kama haya yatawatia watu woga, wakimbie chanjo na zahanati. Nami nayaogopa matokeo hayo, maana uwanda huu unahitaji tiba na unahitaji utafiti. Bila watafiti chikungunya ingebaki uchawi wa jirani fulani. Lakini woga hukua gizani. Anayejua haki zake huingia zahanati kwa miguu yake, na anayeburutwa hutafuta upenyo wa kutoroka. Kwa utaratibu wa Tanzania, utafiti wa afya unaowahusu watu unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, na katika kutoa kibali hicho Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina nafasi kubwa. Mshiriki anatakiwa kuelezwa kwa lugha anayoielewa kinachofanywa, faida na madhara yake, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Hiyo ndiyo miwani ya ukungu ya wale wanafunzi wa McGill: kitu unachoweza kukivua, ukaondoka.

Kwa hiyo nawaomba watu wa aina tatu. Watafsiri wa filamu, wanaofuata njia ya kina Lufufu kwa kuzungumza juu ya sauti ya waigizaji ili kibanda kizima kielewe, wakifika pale profesa anapokunywa dawa waseme neno moja la ziada: huyu kajinywesha, wapo walionyweshwa. Walimu wa sekondari wa uraia na biolojia wafundishe habari za Newala ya 1952 na Nuremberg ya 1947 katika wiki moja, maana ni somo moja. Na wewe msomaji, siku atakapokuja mtu mwenye fomu na kidau cha wino, kabla dole gumba lako halijagusa karatasi muulize mambo matatu: unachukua nini kwangu, unakipeleka wapi, na nikikataa itakuwaje? Mwenye nia njema atakaa chini akujibu, hata kama jua linazama. Waliotutangulia walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi asikunyoe mtu bila kukuuliza, na wewe usimnyoe mwenzako.